Jinsi ya kusoma daraja la umri kwenye lebo ya brandi: VS, VSOP, XO, nyota na namba

"VSOP na XO, ipi kubwa?" "Nyota tano si ndiyo miaka mitano?" "Hii imeandikwa 1765, kweli imekaa miaka yote hiyo?" Sisi tunaouza vinywaji tunaulizwa maswali haya mwaka mzima, na yanazidi ikifika Desemba na misimu ya harusi, watu wanapotafuta chupa ya kumpelekea baba mkwe au bosi anayestaafu. Jibu la haraka la kaunta mara nyingi linapotosha, kwa sababu herufi zilezile zinabeba uzito tofauti kulingana na chupa ilikotoka. Ndiyo maana nimeamua kuliandika jambo hili lote mahali pamoja.

Kama una haraka, shika hili moja: soma kwanza nchi na eneo, kisha aina ya kinywaji, herufi ziwe za mwisho. Anayeanza na herufi za dhahabu ndiye anayelipa bei ya XO na kuondoka na kitu kingine kabisa.

(Mwongozo huu ni wa waliotimiza miaka 18. Kama wewe hunywi na unanunua zawadi tu, utakufaa vilevile, huhitaji kuonja chochote.)

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Chupa yenyewe mkononi, au picha safi za lebo ya mbele, lebo ya nyuma na shingo ya chupa. Picha ya mbele peke yake haitoshi. Ukinunua kwa mtu wa WhatsApp au Instagram, omba zote tatu kabla ya kutuma hela.
- Simu yenye kamera inayovuta karibu. Maneno ya maana zaidi kwenye lebo ya brandi ndiyo yaliyoandikwa kwa herufi ndogo kuliko zote.
- Programu ya kusoma stempu ya kodi. Tanzania ipo Hakiki Stempu ya TRA, Kenya ipo Soma Label ya KRA.
- Bajeti, na jibu la swali hili: chupa ni ya kuchanganya na soda, ya kunywa taratibu, au ya kuweka mezani ionekane? Hakuna aibu kwenye jibu lolote, ila kila moja lina chupa yake.

Nadharia kidogo, halafu tuendelee

Brandi ni mvinyo wa zabibu uliokenekwa, yaani umechemshwa na mvuke wake ukakusanywa ukawa pombe kali. Ikitoka kwenye mtambo haina rangi, ni nyeupe kama maji, na ni kali ya kuunguza koo. Inawekwa kwenye mapipa ya mwaloni, na humo ndimo inapopata rangi, harufu na ulaini. Umri unaotajwa kwenye lebo ni muda wa kukaa kwenye pipa. Siku kinywaji kinapoingia kwenye chupa ya kioo, umri unasimama hapohapo.

Pia, chupa karibu zote ni mchanganyiko wa mapipa mengi ya umri tofauti. Kwa hiyo kila ukiona daraja, jiulize ni umri wa nani humo ndani: mdogo kuliko wote, wastani, au sehemu tu ya mchanganyiko? Jibu linategemea nchi.

Hatua ya 1: Geuza chupa, tafuta ilikotoka

Acha herufi kubwa kwanza. Tafuta jina la eneo: Cognac, Armagnac, Brandy de Jerez, South Africa, na kadhalika. Kwenye Cognac halisi neno "Cognac" limeandikwa wazi, na mara nyingi chini yake kuna maneno "Appellation Cognac Contrôlée". Hilo ni jina la eneo linalolindwa kisheria. Kinatakiwa kitokane na zabibu nyeupe (nyingi ni za aina ya Ugni Blanc) za mashamba yanayozunguka mji wa Cognac, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kikenekwe mara mbili kwenye mitambo ya shaba, kikae kwenye mwaloni, na kiwe na alkoholi isiyopungua asilimia 40.

*Angalizo:* "Produce of France" au "French Brandy" si sawa na Cognac. St-Rémy, kwa mfano, ni brandi ya Ufaransa na ina VSOP na XO zake, lakini si Cognac, na kanuni za umri za Cognac haziihusu. Sisemi ni mbaya. Nasema usiilipie bei ya Cognac, na usimwambie baba mkwe kwamba ni Cognac, maana kuna wazee wanaosoma lebo.

*Angalizo lingine,* hasa kwa wageni wa Tanzania: Konyagi si Cognac. Ni pombe kali yetu wenyewe, haina daraja la umri la kutafuta kwenye lebo, na haijawahi kudai hivyo.

Hatua ya 2: Soma aina ya kinywaji, neno kwa neno

Mahali fulani kwenye lebo, mara nyingi karibu na ujazo na asilimia ya alkoholi, pameandikwa kinywaji ni kitu gani kisheria. Huu ndio mstari ambao wengi wanauruka, na wewe usiuruke.

"Cognac" ni Cognac. "Potstill Brandy" na "Blended Brandy" ni vitu viwili tofauti, tutavifikia kwenye Afrika Kusini. "Spirit Drink" maana yake kinywaji kimetoka nje ya mipaka ya jina la asili. Mfano mzuri ni Martell Blue Swift. Kinaanza kama Cognac ya VSOP, halafu kinamaliziwa kwenye mapipa yaliyokuwa na bourbon, wiski ya Marekani. Kwa kuwa kanuni za Cognac haziruhusu umaliziaji huo, kinywaji chenyewe hakiwezi kuitwa Cognac, ingawa kampuni ni ya Cognac na neno VSOP unaweza kulikuta kwenye chupa.

Ukikuta maneno kama "flavoured" au "neutral spirit" kwenye orodha ya viambato, funga kitabu. Hiyo ni pombe ya kawaida iliyotiwa ladha ya brandi, na herufi zozote zilizo mbele ni pambo.

Hatua ya 3: Sasa pima herufi kwa kanuni ya huko zilikotoka

Hapa ndipo kazi ilipo. Chagua sehemu inayolingana na ulichokikuta kwenye hatua mbili za mwanzo.

*Kama ni Cognac.* Umri unaohesabika ni wa kinywaji kichanga kuliko vyote vilivyomo kwenye mchanganyiko. Hata kama ndani kuna tone la miaka 40, likichanganywa na la miaka 4, chupa inasoma miaka 4. Viwango vya chini ni hivi:

- VS, au nyota tatu: miaka 2
- VSOP: miaka 4
- Napoléon: miaka 6
- XO, pia Extra na Hors d'âge: miaka 10
- XXO: miaka 14

Hivyo ni viwango vya chini tu. Kampuni inaweza kuweka kinywaji cha zamani zaidi, na nyingi zinafanya hivyo, lakini sheria haiwadai zaidi ya hapo. Ndiyo sababu VSOP za kampuni mbili zinaweza kutofautiana sana mdomoni na zote zikawa halali.

Jinsi ya kuhesabu: zabibu zinavunwa kuanzia Septemba. Ukenekaji unatakiwa uwe umekwisha tarehe 31 Machi ya mwaka unaofuata, na saa ya umri inaanza kuhesabu tarehe 1 Aprili. Chukua mavuno ya 2019. Ukenekaji ulikwisha Machi 2020, hesabu ikaanza 1 Aprili 2020. Kinywaji hicho kiliruhusiwa kuingia kwenye VS kuanzia 1 Aprili 2022 na kwenye VSOP kuanzia 1 Aprili 2024. Kwenye Napoléon ni 1 Aprili 2026, na kwenye XO kitasubiri mpaka 1 Aprili 2030. Ukiielewa hesabu hii utaelewa bei. Kampuni inalaza mtaji wake ghalani miaka 10, na wakati wote huo kinywaji kinapungua kwa kuvukiza kupitia mbao za pipa, kiasi cha asilimia 2 hivi kwa mwaka. Wenyewe wanakiita fungu la malaika. Mvuke huo unalisha kuvu jeusi linalopaka kuta na mapaa ya maghala, kiasi kwamba ukipita mitaa ya Cognac unajua kwa macho jengo lipi lina mapipa ndani.

*Angalizo kwa wenye chupa za zamani:* kiwango cha XO kilikuwa miaka 6 na kikapandishwa kuwa 10 kuanzia 1 Aprili 2018. Kwa hiyo XO iliyofungwa kabla ya hapo kisheria ilidaiwa miaka 6 tu. Ukiuziwa "XO ya zamani" kwa bei ya juu kwa sababu ni ya zamani, kumbuka hilo wakati wa kupatana.

Na swali linalofuata kila mara: kwa nini herufi ni za Kiingereza wakati kinywaji ni cha Wafaransa? Kwa sababu Waingereza ndio walikuwa wanunuzi wakubwa. VS ni kifupi cha Very Special, VSOP ni Very Superior Old Pale, XO ni Extra Old. Yatosha.

Utakutana pia na "Grande Champagne", "Petite Champagne", "Borderies" au "Fine Champagne". Hayo ni majina ya maeneo ya mashamba ndani ya Cognac, hayasemi lolote kuhusu umri wala hayahusiani na shampeni ya mapovu. Fine Champagne ni mchanganyiko wa Grande na Petite, ambapo Grande haipungui nusu.

*Kama ni Armagnac.* Hawa ni majirani wa kusini zaidi, nao wanatumia herufi hizohizo lakini VS yao inaanzia mwaka 1 tu. VSOP ni 4, Napoléon 6, XO na Hors d'âge 10. Umri ni wa mchanga kuliko wote, kama Cognac.

Armagnac ina kitu ambacho Cognac hukifanya kwa nadra: chupa za mwaka mmoja wa mavuno. Ukiona 1985 kubwa kwenye lebo, huo ni mwaka wa zabibu. Kinywaji cha namna hii kinatakiwa kiwe kimekaa miaka isiyopungua 10. Ili kujua umri halisi, tafuta tarehe ya kufungwa kwenye chupa, mara nyingi iko lebo ya nyuma, kisha toa. Mavuno ya 1985 yaliyofungwa 2005 ni ya miaka 20, hata ukiinunua leo. Kama muuzaji anahesabu kutoka 1985 mpaka leo, mrekebishe kwa upole.

*Kama ni ya Afrika Kusini.* Soma sehemu hii kwa makini kwa sababu ndizo brandi zinazouzwa sana huku kwetu kwa bei ya watu wa kawaida. Huko wanakeneka brandi tangu 1672, na kanuni zao ni kali kuliko watu wanavyodhani.

"Potstill Brandy" ni brandi yote iliyokenekwa kwenye mtambo wa chungu na kukaa kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 340 kwa miaka isiyopungua 3. Kiwango cha chini cha alkoholi ni asilimia 38. "Blended Brandy" inatakiwa iwe na angalau asilimia 30 ya potstill iliyokaa miaka 3. Iliyobaki inaweza kuwa pombe ya mvinyo isiyolazwa pipani kabisa, na kiwango chake cha chini cha alkoholi ni asilimia 43.

Sasa ona mtego. Mteja anashika chupa mbili, moja 38 na nyingine 43, anachukua ya 43 akiamini iliyo kali ndiyo bora. Kumbe ya 38 ndiyo yote imelala kwenye mwaloni, na ya 43 sehemu yake kubwa inaweza kuwa mbichi. Kwa brandi ya Afrika Kusini usipime ubora kwa ukali.

Kwenye "Blended", soma maneno yote yanayozunguka namba ya miaka. Namba inaweza kuwa inazungumzia sehemu ya potstill peke yake. Kwenye potstill kama KWV 10 au zile za Van Ryn's za miaka 12, 15 na 20, mambo yamenyooka: namba ni umri. Mimi binafsi mtu akija na bajeti ya kati akitaka kitu cha heshima, nampeleka kwenye potstill ya miaka 10 ya Afrika Kusini kabla ya XO yoyote isiyo na jina la eneo. Wengine hununa kwa sababu hawaoni herufi XO. Basi.

*Kama ni Brandy de Jerez ya Hispania.* Hapa hakuna VS wala XO za kutegemea, kuna ngazi tatu: Solera, Solera Reserva na Solera Gran Reserva. Viwango vyake vya chini ni miezi 6, mwaka 1 na miaka 3. Mapipa yake ni yaliyokuwa na mvinyo wa sherry, na yanapangwa kwa safu. Kinywaji cha kuuza kinatolewa kwenye safu ya chini, pengo linajazwa kutoka safu ya juu yake, na kuendelea hivyo. Kwa kuwa mpya na ya zamani zinachanganyika daima, umri wake unahesabiwa kwa wastani, si kwa mchanga kuliko wote. Kwa hiyo usilinganishe "miaka 3" ya Gran Reserva na "miaka 2" ya VS ukadhani moja imeizidi nyingine kidogo tu. Ni vipimo viwili tofauti, na Gran Reserva nyingi, kama Cardenal Mendoza au Carlos I, zinapita mbali kiwango hicho cha chini.

*Kama ni ya kwingine Ulaya.* Sakafu ni hii: ikiitwa "brandy" kwenye soko la Ulaya, ina alkoholi isiyopungua asilimia 36 na imekaa kwenye mwaloni angalau mwaka 1, au miezi 6 kama mapipa ni madogo ya chini ya lita 1000. Zaidi ya hapo, bila jina la eneo, VSOP na XO ni ngazi za kampuni yenyewe. *Marekani,* brandi ya zabibu isiyotimiza miaka 2 kwenye mwaloni inatakiwa iandikwe neno "immature". Ukiliona, umejua.

Hatua ya 4: Namba na nyota, usizijumlishe kabla ya kusoma

Namba ni umri pale tu inapoambatana na neno la miaka. Kwa Kiingereza ni "years", kwa Kifaransa "ans", kwa Kihispania "años", kwa Kijerumani "Jahre". Namba iliyosimama peke yake, kubwa, ya dhahabu, bila neno la miaka karibu, inaweza kuwa jina tu.

Nyota ndizo zinazochanganya zaidi. Kwenye Cognac nyota tatu ni sawa na VS, yaani miaka 2, si 3. Kwenye Ararat ya Armenia nyota 3 na 5 zinakwenda na miaka 3 na 5. Metaxa ya Ugiriki ina nyota 5, 7 na 12, lakini hiyo si brandi tupu, imechanganywa na mvinyo mtamu wa zabibu za Muscat na mimea ya harufu, na nyota zake ni ngazi za nyumba hiyo. Nyota kwenye chupa isiyojulikana ilikotoka ni michoro.

Hatua ya 5: Ondoa mapambo

Chukua kidole, funika kimoja baada ya kingine kila kitu kisicho daraja, uone kinachobaki.

Mwaka wa kuanzishwa kampuni: 1715 ni Martell, 1724 ni Rémy Martin, 1765 ni Hennessy. Huo si mwaka wa kinywaji. Kuna watu wameuziwa VS kwa kuambiwa ni ya karne ya kumi na nane.

Maneno kama "Luxury", "Premium", "Special", "Finest" na "Old": funika. "Napoleon" nje ya Cognac na Armagnac: funika pia. Medali za mviringo: ni za mashindano, hazisemi umri. Majina kama Cordon Bleu, Paradis au Louis XIII ni ya kampuni husika na si madaraja, ingawa vinywaji vyenyewe ni vya juu na bei itakueleza.

Na rangi. Hili linawashika hata wanaojiita wazoefu. Karameli ya kutia rangi inaruhusiwa hata kwenye Cognac, ili kila chupa ya jina moja ifanane na mwenzake. Brandi nyeusi kama chai ya rangi iliyokolea haimaanishi ni ya zamani. Uzito wa chupa na boksi lenye kitambaa cha velveti navyo havina umri.

Hatua ya 6: Shingo, kizibo na stempu

Soma stempu kwa programu uliyopakua. Jina na ujazo vitakavyotokea kwenye simu vilingane na chupa uliyoshika. Stempu inathibitisha njia ya kodi, haithibitishi umri, lakini chupa isiyo na stempu ya nchi unayonunulia haina sababu ya kukaa kwenye rafu ya duka. Angalia na msimbo wa uzalishaji uliochapwa au kuchongwa kwenye kioo, kama umekwanguliwa, rudisha chupa mahali pake.

Halafu kile kipimo rahisi kuliko vyote: "Cognac" yenye alkoholi chini ya asilimia 40 si Cognac. Huhitaji kuifungua.

Hatua ya 7: Linganisha daraja na matumizi

Ya kuchanganya na soda, tangawizi au juisi: VS, au Blended ya Afrika Kusini. Ina ukali na matunda ya kutosha kusikika ndani ya mchanganyiko. Ya kunywa na barafu kidogo au maji: VSOP au potstill. XO inywe yenyewe, kwenye glasi yenye mdomo mwembamba, taratibu. Ukiichanganya na kinywaji cha kuongeza nguvu hakuna atakayekukamata, hela ni yako, lakini ile miaka 10 ya pipa hutaisikia.

Kwa zawadi, heri VSOP ya Cognac inayojieleza kuliko XO ya kubabaisha kwa bei ileile.

Ukikwama

*XO mbili, moja bei yake ni theluthi ya nyingine.* Rudi hatua ya 1. Mara nyingi moja ni Cognac na nyingine ni brandi ya Ufaransa au ya kwingine. Kama zote zimeandikwa Cognac na tofauti ni kubwa kiasi hicho, shuku ile ya rahisi, nenda hatua ya 6.

*Muuzaji anasema ni XO, lebo haisemi.* Lebo ndiyo inayosema ukweli. Kampuni iliyosubiri miaka 10 haiwezi kusahau kuandika.

*Lebo haina herufi, nyota wala miaka.* Chukulia ni kiwango cha chini cha sheria ya huko. Inaweza kuwa nzuri tu, ila usilipie umri ambao haujatajwa.

*Baba aliacha VSOP kabatini tangu miaka ya tisini, sasa imekuwa XO?* Hapana, bado ni VSOP. Kama haijafunguliwa na imesimama wima mbali na jua, inaweza kunyweka vizuri. Wima ni muhimu: mvinyo hulazwa, brandi haifai kulazwa kwa sababu alkoholi kali inakula kizibo cha gome. Ukikuta kizibo kimelainika, chuja kinywaji kwa kitambaa safi na tafuta kizibo kingine.

*VS mbili, moja nyeusi, moja ya dhahabu hafifu.* Karameli, au mapipa tofauti. Umri wa chini ni uleule.

*Ilifunguliwa muda mrefu, ladha imefifia.* Ni hewa. Chupa ikishafika chini ya nusu, harufu inapotea haraka zaidi. Imalize na wenzako, au ihamishie kwenye chupa ndogo safi inayojaa mpaka juu.

*Programu haisomi stempu.* Futa kioo, washa tochi ya simu, jaribu simu ya pili. Ikikataa tena, badilisha chupa. Muuzaji akikataa kukubadilishia, badilisha duka.